Mwanachama Mkaazi

Tumaini amenenepa, na unene umempendeza. Nilimwona mwezi uliopita kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli moja hapa Guangzhou, amesimama mlangoni akipokea wageni kana kwamba harusi ni yake, na kabla sijaamua nimsalimie au nijitie sikumwona, alikuwa ameshanikumbatia. "Shoga," alisema. Neno hilo nilimfundisha mimi, kwa maana ya kwetu Unguja, maana bara ukimwita mtu hivyo mnaweza kugombana. Sisi tuliosoma hapa zamani, pamoja na wafanyabiashara wachache wa wakati ule ambao bado wanakuja, tulikuwa tumealikwa chakula cha mchana na chama cha Watanzania wa mji huu. Mimi nilikuwapo kwa sababu kazi ya ukalimani ilinileta tena kwa wiki mbili. Yeye kwa sababu siku hizi ni wakili mkubwa, na wakili mkubwa hakosi mwaliko. Tulipokwisha kula akasimama kutoa neno la shukrani, akaninyooshea mkono. "Yule dada pale, Zuhura, ndiye aliyetunyooshea katiba ya chama. Kiswahili mnachokisoma humo ni chake. Mpigieni makofi." Wakanipigia, na vijana wa leo, ambao hawakujua lolote, ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeona haya. Kweli nilikuwa naona haya, ila si zile walizodhani wao, nikainuka kwenda kuchukua maji.

Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi, lakini kwa kuchagua. Huwa nasimulia jasho la kuta na siku niliyopotea kwenye soko la nguo la Shisanhang nikaibukia upande wa mto, watu wakacheka, nikaishia hapo. Leo nausimulia wote kwa sababu makofi yale yamenikera. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasomea ukalimani kwa ufadhili, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: niliwasahihisha watu Kiswahili. Mtu akisema "masaa mawili" nilimrudisha kwenye "saa mbili" hata kama alikuwa ananieleza habari ya msiba. Tumaini alikuwa ndiye mtu pekee aliyeufurahia ugonjwa huo. Alikuwa anasoma sheria, katoka Moshi, na tulipangiwa chumba kimoja ghorofa ya sita: vitanda viwili, meza mbili, na dirisha linalotazama mgongo wa jengo jingine. Mwezi wa tatu ukiingia mji huu hupatwa na unyevu ambao sijauona kwingine. Kuta hutoka maji, sakafu huteleza, na nguo ulizoanika Jumatatu unazivaa Ijumaa zikiwa na ubaridi bado. Tulikuwa tunakaa kitandani tukikausha soksi kwa mashine ya nywele, kwa zamu, tukibishana maneno. Aliniuliza kwetu tunasemaje hiki, tunasemaje kile, na majibu yangu aliyaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lake la sheria ya mikataba. Nilipougua homa alinipikia uji kwenye birika la umeme, birika likaharibika, akakaa wiki nzima bila chai na hakulalamika. Alikuwa rafiki yangu. Baadaye watu waliniambia kwamba alinifuata kwa shabaha tangu siku ya kwanza, na mimi najua si kweli. Ingekuwa kweli ningepona mapema.

Jumamosi nilikwenda kwa Bi Saada huko Liuhua, mtaa wa hoteli na maduka ya jumla karibu na stesheni. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo za watoto, ana duka lake Darajani, na alikuwa anakuja Guangzhou mara nne kwa mwaka, kila safari wiki tatu au nne, hoteli ile ile, chumba kile kile cha ghorofa ya nne, mwaka wa tisa. Tulijuana dukani kwa mtu, yeye akigombana na laoban, yaani tajiri wa duka, kwa kikokotoo na vidole, akitaka kumwambia kuwa zipu ya mzigo si ile ya sampuli. Nikamsemea maneno matatu ya Kichina. Tangu siku hiyo nikawa wa kulishwa. Jiko lake lilikuwa sufuria la umeme la kupikia wali, alilolificha ndani ya kabati la nguo kwa sababu hoteli ilikataza kupika, na mlangoni chini alikuwa anaweka taulo ili harufu isitoke. Ilitoka. Ayi, mama wa usafi wa ghorofa ile, alishaijua siku nyingi, na kila alipopita alikohoa kidogo, akafunguliwa, akapewa sahani yake, akala amesimama. Wali wa nazi ya kopo, kuku wa kuchemsha na ndimu, achari ya embe iliyosafiri ndani ya kiatu. Tulikula juu ya maboksi yaliyokwisha fungwa, tayari kwa kontena la bandari ya Huangpu. "Kula, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Huko chuoni kwenu wanakulisheni majani."

Ilikuwa juu ya maboksi hayo aliponionyesha mahali panapomuuma, chini ya mbavu za kulia. Safari iliyotangulia palimzidi akaenda hospitali na msichana wa ajenti wa mizigo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kontena na tarehe za meli. Daktari alisema maneno mengi, msichana akatafsiri "tatu". Bi Saada akadhani ni vidonge vitatu kwa siku, akavinywa hivyo. Baadaye sana mtu mwingine akamsomea pakiti kwamba ilikuwa kimoja kwa siku, siku tatu tu. Alinisimulia huku anacheka, lakini mkono haukutoka ubavuni. Nikamwambia safari hii nitakwenda naye. "N'takwambia," akajibu, akanitia wali mwingine, na hakuniambia.

Chama chetu hakikuwa na vyama ndani yake, lakini kilikuwa na pande mbili, na ukimwona mtu ulijua ni wa upande gani. Kulikuwa na watu wa Chuo, wanafunzi na wasomi tuliokuwa tunaishi hapa mwaka mzima, na kulikuwa na watu wa Liuhua, wafanyabiashara wanaokuja na kurudi. Uongozi ulikuwa wa Chuo, miaka yote, kwa sababu uchaguzi ulifanyika mwezi wa pili, wakati ambapo maduka yamefungwa kwa mwaka mpya wa Kichina na hakuna mfanyabiashara hata mmoja mjini. Ila katiba ilikuwa ya Liuhua. Waliiandika wao, wazee wa mwanzo, mezani kwenye mkahawa, na ndani yake walitia kifungu cha saba, ambacho nakikumbuka kama kilivyokuwa: "Mtu wetu yeyote aliyepo Guangzhou aweza kuleta jambo. Akipata wenzake thelathini waliopo wakatia saini, viongozi wasilikatae, lipigiwe kura na wote." Kifungu hicho kililala muda mrefu. Kisha mwanzoni mwa mwaka ule watu wa Liuhua wakakiamsha. Mikutano ilikuwa inafanyika ukumbi wa chuo, na getini walinzi walitaka kitambulisho cha mwanafunzi, kwa hiyo nusu ya wanachama walibaki nje wakipiga simu. Wakakusanya saini thelathini na tano wakitaka mikutano ihamie mkahawa wa mamantilie mmoja Mchina Mwislamu karibu na stesheni. Ikapigwa kura, wakashinda.

Mwenyekiti wetu, msomi wa udaktari wa uhandisi, mpole, shati limepigwa pasi siku zote, hakulisahau jambo hilo. Alikuja chumbani kwetu mchana mmoja kuzungumza na Tumaini, ambaye alikuwa katibu wake, na mimi nilikuwapo, napiga pasi shuka ili zikauke. "Kila mwenye kalamu sasa ni bunge," alisema. "Leo mkahawa, kesho watatubadilishia mwezi wa uchaguzi. Na wakishapiga kura wanapanda ndege, tunabaki sisi." Tumaini akasema kifungu hakiwezi kufutwa, watu wataona. Mwenyekiti akasema hakuna aliyezungumzia kufuta. Mimi nilicheka ule msemo wa bunge na kalamu. Nakumbuka kabisa kuwa nilicheka, nikauliza kama watakunywa chai.

Wiki mbili baadaye Tumaini akaniletea katiba nzima. Lugha yake, alisema, inatia aibu. Ubalozi ukitaka nakala tutaificha wapi sura? "Wewe ndiye wa kuinyoosha, shoga. Hapa mjini hakuna mwingine." Hakuna maneno duniani yangenipata kama hayo. Niliifanya kazi ile kwa siku kumi, kwa furaha niliyoikosa kwenye masomo yangu. Nilipofika kifungu cha saba niliandika "mwanachama aliyepo Guangzhou", Tumaini akasoma begani kwangu, mashine ya nywele mkononi. "Aliyepo," akasema. "Ni kama mwalimu anaita majina darasani. Aliyepo leo? Aliyepo saa hii? Kwenu mtu anayekaa mahali mnamwitaje?"

"Mkaazi," nikasema.

"Hilo ndilo neno. Tazama lilivyotulia."

Nikaandika: "Hoja iliyotiwa saini na wanachama wakaazi wasiopungua thelathini itawasilishwa kwenye Mkutano Mkuu na kupigiwa kura." Nikaisoma kwa sauti, mara mbili. Kwangu mkaazi alikuwa ni mtu anayekaa, basi, na watu wa Liuhua walikuwa wanakaa Liuhua. Ndivyo wao wenyewe walivyokuwa wakisema, nakaa hoteli fulani, nakaa na fulani. Sikufikiria pasipoti. Na hapo ndipo ninapojilaumu kuliko pote, kwa sababu mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu neno hilo lina kadi na lina foleni, na bila kadi hiyo hupigi kura. Nimekua nikisikia watu wakiulizana barazani nani mkaazi na nani si mkaazi, hasa uchaguzi ukikaribia, na nimeona mtu mzima aliyezaliwa mtaani petu akirudi nyumbani na bahasha yake ya vyeti, ameambiwa hajakamilika. Mtu wa kwetu akilisikia neno hilo kwenye habari ya kura hushtuka. Mimi sikushtuka. Nililiona linapendeza, na mtu niliyempenda alikuwa amelisifu. Mwishoni Tumaini aliongeza mstari wake mwenyewe, kwamba tafsiri ya neno lolote katika katiba hii itakuwa ya kamati ya uongozi, akaniomba niunyooshe na huo. Nikaunyoosha.

Ikapitishwa mwezi wa sita, mkahawani, meza zimeunganishwa, harufu ya kondoo na jira hewani. Nilisoma mimi. Watu wa Liuhua walikuwa wengi siku hiyo na wote walinyoosha mikono, Bi Saada akiwa wa mbele. Tulipotoka akanishika bega akawaambia wenzake, "Mmesikia lakini? Mtoto wa kwetu huyo." Nilirudi chuoni kwa metro nikiwa nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwapo.

Mwezi wa kumi mji hujaa, maonyesho makubwa ya biashara yanafanyika na kila mfanyabiashara yuko hapa. Bi Saada alikuja amepungua, dera linamning'inia. Hakuzungumza habari ya ubavu. Alitoa karatasi ndani ya mkoba, nyuma yake imechapwa anwani ya mzigo, akasema, "Hebu nitazamie hii." Juu aliandika mwenyewe: "Mwenzetu akiumwa Guangzhou, awe nani, apate mtu wa kumsemea hospitali." Chini kulikuwa na saini thelathini na nane. Chama kilikuwa na zamu ya wakalimani, wanafunzi waliojua Kichina, lakini kamati ilikuwa imeamua zamu hiyo ni ya watu wa vyuoni tu. Mwanafunzi mmoja alikosa mtihani akiwa hospitali na mfanyabiashara asiyemjua, na kosa hilo halikusahauliwa. Bi Saada alizunguka ghorofa zote za hoteli, akaenda Shisanhang alfajiri watu wakibeba mabegi meusi mgongoni, akawasainisha ukutani, juu ya magoti, popote. Majina yalikuwa kama wanavyoitwa: Mama Lulu, Suleiman Viatu, Hamisi wa Simu. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kusahihisha herufi hata moja. "Imetimia?" akaniuliza. Nikamwambia imetimia. Katiba ilikuwa ndani ya begi langu, kwa mwandiko wangu, na nikamwambia imetimia, akaikunja karatasi akaitia kifuani.

Mkutano ulikuwa Jumapili mchana. Mwenyekiti alishukuru wote kwa kufika, akasema hoja imepokelewa, na kabla ya kura katibu atahakiki saini kwa mujibu wa kifungu cha saba. Tumaini akasimama. Alikuwa amevaa blauzi yangu. Tulikuwa tunavaliana nguo. Akakisoma kifungu kama nilivyokiandika, kwa lafudhi niliyomfundisha, kisha akasema, bila kupandisha sauti, kuwa kamati imetafsiri neno mkaazi kuwa ni mwanachama mwenye kibali cha ukaazi ndani ya pasipoti yake, na si mwenye viza ya kuingia na kutoka. Katika saini thelathini na nane, wenye kibali walikuwa wanne.

Bi Saada hakuelewa mara moja. "Mie nakaa Liuhua," alisema, na watu wakacheka kwa kuwa walidhani anatania. "Mwaka wa tisa huu. Ayi wa pale hotelini ananijua kuliko anavyonijua mwenyekiti. Sasa mnanambia sikai?"

"Unakaa, Mama," Tumaini akajibu. "Lakini si mkaazi."

"Nani kasema?"

"Katiba. Mwezi wa sita ulinyoosha mkono, Mama, kumbukumbu zipo."

"Nilinyoosha kwa sababu ilisema mkaazi," Bi Saada akasema.

Hapo kukawa na kelele. Suleiman, yule wa viatu, mtu wa Kariakoo mwenye sauti ya kuitia wateja, akauliza ni nani aliyeandika mambo haya. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, na nilimtazama Tumaini nikimwomba kwa macho aseme kitu, chochote. Alikuwa anapanga karatasi zake. Mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa heshima zote. "Lugha imenyooshwa na mwanachama mwenzetu Zuhura. Ni mtu wa Unguja, ndugu Suleiman, hakuna kati yetu wa kumfundisha Kiswahili." Wote wakageuka. Bi Saada naye akageuka, pole pole, akanitazama kama unavyomtazama mtu ili uhakikishe ndiye yeye. Nikasema sikujua kama neno litatafsiriwa hivyo. Sauti ilitoka ndogo, na nadhani waliokaa mbali hawakuisikia. Hoja haikupigiwa kura.

Tumaini alirudi chumbani kabla yangu. Nilimkuta anakunja nguo, blauzi yangu ameshaifua, inadondoka maji dirishani. Nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua nini?"

"Siku ile. Uliponiuliza kwetu tunasemaje."

Akaketi kitandani. Hakukana, na laiti angekana, ningemwamini. "Wale wanakuja wiki tatu, Zuhura. Wakiachiwa kalamu watatuamulia kila kitu, na kazi ni yetu. Nani anakosa mitihani? Mimi na wewe. Nilikuuliza neno, ukanipa. Mwandiko ni wako."

"Ungeniambia."

"Ungeandika?"

"Nisingeandika."

"Basi," alisema, "ndiyo maana sikukwambia."

Nimeishi na jibu hilo miaka yote hii. Kuna nyakati nimemwonea huruma kidogo, kwa sababu neno lake juu ya mitihani lilikuwa la kweli, na yule mwanafunzi aliyekosa mtihani alirudia mwaka. Lakini angeweza kuja mbele ya watu, akasema tunaona saini za wapita njia zisihesabiwe, tukabishana, tukapiga kura, akashinda au akashindwa. Badala yake aliwaacha watu wanyooshe mikono wakishangilia, na akatafuta wa kuwafungia mlango kwa lugha yao wenyewe, akanipata mimi, kwa kuwa alinijua vizuri. Alijua nikisifiwa sioni. Nililala nimegeukia ukuta kwa miezi mitatu iliyobaki na sikumjibu zaidi ya "ndiyo" na "hapana", na yeye akaendelea kuninunulia maziwa kila Jumatano kama zamani, nikayaacha mezani mpaka yakaharibika.

Nilijaribu kulirudisha neno. Nilifikiri ni rahisi: niandike hoja kwamba "mkaazi" litolewe, "aliyepo" lirudi. Lakini hoja ya kuliondoa neno ilitaka saini thelathini za wakaazi, na wakaazi walikuwa wenzangu wa chuoni. Nilipita mabweni kwa wiki nzima. Wengine walisema hawajihusishi na siasa, huku wamekaa kwenye kamati. Mmoja aliniambia katiba imekuwa nzuri sana kwa Kiswahili, ni hasara kuiharibu. Nikapata saini kumi na moja, moja yao ikiwa yangu, na siku ya pili yake wawili wakanipigia simu wakaomba niwafute.

Kisha nikaenda Liuhua. Siku nane zilikuwa zimepita tangu mkutano na sikuwa nimethubutu. Bi Saada alikuwa anafunga maboksi, ule utepe wa gundi ukipiga kelele kila anapouvuta, na kabati lilikuwa wazi, sufuria la wali limekaushwa. Hakuniambia kaa. Nikakaa. Nikamwomba msamaha, nikamwambia sikujua.

"Ndilo linalonitisha," akasema. "Hukujua, na uliandika."

Nikamwambia asubuhi nitampeleka hospitali mwenyewe, nimeshaomba ruhusa chuoni, nitakuwa naye toka mwanzo mpaka mwisho. Akaacha gundi. "Hilo najua, utanipeleka. Utanipeleka mie kwa sababu umekula kwangu. Na yule ambaye hujala kwake? Suleiman akianguka leo, nani wa kumsemea? Wewe hata chumba chake hukijui." Alikuwa hajapandisha sauti, na ningeona nafuu kama angepandisha. "Mie sikuomba kusindikizwa, Zuhura. Wa kunisindikiza ningempata. Niliomba liwepo jambo, mtu akiumwa asianze kutafuta anajuana na nani." Akavuta gundi tena, akafunga boksi, akakaa juu yake mkono ubavuni. Ayi akapita akakohoa mlangoni, na hakufunguliwa. Hatimaye Bi Saada akasema, "Saa ngapi asubuhi?"

Tulikwenda. Foleni ya kadi, foleni ya ghorofa ya pili, watu wameshika mifuko ya picha zao za eksirei. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, amechoka, akasema ketini huku anaandika. Bi Saada akajiweka sawa kitini akaanza kunieleza. "Mwambie yanaanza huku, yanazunguka mpaka mgongoni, kama mtu ananifunga kanga kwa hasira. Yanakuja nikila mafuta, na siku nyingine nikihangaika tu. Mwambie kuna siku Shisanhang yalinikamata nikakaa chini, juu ya mabegi ya watu, nikasoma shahada, nikajua basi tena. Watu wananiruka." Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikamgeukia daktari nikasema: maumivu upande wa juu wa kulia wa tumbo, yanakwenda mgongoni, huzidi baada ya chakula cha mafuta. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika.

"Umemaliza?" Bi Saada akauliza.

"Nimemaliza."

"Mie nimesema mengi. Wewe umesema kidogo."

"Nimemwambia ya muhimu, Bi Saada."

"Nani kakwambia yapi ya muhimu?" Alikuwa ameniinamia, jasho kwenye mdomo wa juu. "Mwambie nilivyosema. Usinibadilishie neno hata moja."

Sikujua kanga kwa Kichina inaitwaje. Nikamtaka radhi daktari, nikaanza upya: kuna kitambaa ambacho wanawake wa kwetu hujifunga kiunoni, na maumivu ni kama mtu anamfunga kitambaa hicho kwa hasira. Nikasema mabegi ya watu, nikasema alisoma maneno yanayosomwa mtu akidhani anakufa, nikasema watu walimruka. Bi Saada alikuwa ananitazama mdomo, akipima urefu wa maneno yangu. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza, siku ile alipokaa juu ya mabegi, ilikuwa lini, na alikaa muda gani, na je, alikuwa na homa, na kuna mtu aliyemwambia kuwa macho yake yamegeuka manjano? Nikamgeukia Bi Saada, nikamuuliza kama nilivyoulizwa, lini, muda gani, homa, na macho, na nikangoja anijibu.